Barafu Nyeupe ya Akulina

Akulina alipoinua ncha ya pande la kwanza la barafu, aliona limemjia kirahisi mno. Lilikuwa jeupe, limejaa vipovu vya hewa, barafu ya theluji iliyolowa ikaganda juu ya ziwa. Ukiiyeyusha unapata maji haba. Kijijini kwao, ng'ambo ya mto Lena, ambako maji ya kunywa ya majira ya baridi hukatwa ziwani yakiwa barafu, hakuna asiyejua kwamba barafu ya kunywa ni ile nzito ya buluu, inayoelea huku karibu yote imezama. Marehemu mumewe, Prokopi, alikuwa akiisukuma kwa mti aone inavyokaa majini, ndipo aikubali. Miaka yote ya ndoa yao, kikombe cha kwanza cha barafu mpya alimpa mkewe na kumuuliza, "Maji yakoje?" Naye alikuwa akimjibu, kwa uchokozi tu, "Ya mwaka jana yalikuwa bora."

Mwaka huu barafu ililetwa na Gavril, jirani.

"Gavril mwanangu, hii umenikatia mimi au mbwa?"

Gavril akazima trekta. "Shangazi, si unaondoka? Sardana kapiga simu. Kasema mwezi wa kwanza anakuja kukuchukua, ukakae naye mjini. Nikaona hii itakutosha."

Kumbe binti yake ameshaamua, na kijiji kizima kinajua isipokuwa yeye. Ilimuuma sana.

"Irudishe. Niletee ya buluu, ya kunifikisha kiangazi."

"Nzito hiyo. Nani atakuingizia ndani?"

"Hilo niachie mwenyewe."

Gavril alinung'unika, lakini alirudi ziwani, na kabla jua halijazama akampangia mapande ya buluu kando ya ukuta. Akulina alijaribu kuinua moja. Halikusogea hata kidogo. Akachukua shoka, akalipasua, akawa anaingiza vipande kwa beseni, anapumzika, anatoka tena. Alipochoka kabisa akampigia Sardana.

"Usije kunichukua. Njoo kunisalimia."

"Mama, utakuwa peke yako."

"Najua."

Akayeyusha kipande kwenye sufuria, akachota kikombe, akanywa akiwa amesimama karibu na jiko. Hakuwahi kunywa maji matamu kama yale maisha yake yote. Akabaki ameshika kikombe, anangoja kuulizwa.