Leo nimekataa kuteremsha gari bondeni

Wasee, leo nimemkatalia bosi mbele ya watoto wake.

Huku Riyadh mawingu yakitanda, watu hawakimbilii nyumbani. Wanabeba chai na mikeka, wanaenda kukaa bondeni kungoja mvua! Mimi dereva wa bosi, nikampeleka yeye na watoto wake. Tulipofika ukingoni mwa bonde, kule mlimani kulikuwa kweusi tii.

"Yalla, teremka," bosi akasema.

Nikazima gari. "Hapana, baba. Ikinyesha kule juu, maji yatatukuta hapo chini."

Chai tukainywea kando ya barabara, watoto wamenuna.

Sasa chekeni: mvua haikunyesha hata tone. Bosi hajaniongelesha mpaka saa hii.

Nyinyi mngeteremka?

Mimi hata akiniambia tena kesho, nazima gari tena. Heri wanune wakiwa hai.