Unga wa Mninga Kwenye Giaboksi

Ipo siku ambayo siwezi kuisahau hata nikijilazimisha, mwanangu Idi, na jana umenirudisha huko kwa ndoo ya plastiki. Nilipita gereji kwako hapo Ng'ambo kukuletea chakula alichopika mama yako. Nikakuta umepandisha mkonga juu ya mawe, lile gari gumu la zamani lenye bomba la hewa lililosimama mbele ya kioo. Pembeni ya tundu la oili ilikuwepo ndoo ya unga wa mninga kutoka kwa maseremala, umechekechwa vizuri kama wa kupikia. Ukanisalimia, "Shikamoo, shangazi." Sikuitikia, macho yangu yalikuwa kwenye ndoo. Uliisukuma ndoo chini ya meza kwa mguu, kwa hiyo ulijua unachofanya. Basi leo nitasema mimi kwa barua hii, na uisome mpaka mwisho.

Mnanijua kama shangazi wa kufoka. Sawa, nafoka. Lakini hujawahi kuniuliza mwanamke wa rika langu alijifunzia wapi kushusha giaboksi. Nilifundishwa na Fundi Ramadhani, Mungu amrehemu, aliyekuwa na gereji Isevya. Wenzangu walikuwa wanajifunza cherehani. Baba yangu alipolalamika, Fundi alimwambia, "Huyu binti ana masikio, niachie."

Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa, maana ugonjwa wa giaboksi aliutafuta kwa masikio kabla ya kugusa spana. Gari limesimama, injini inawaka, kuna mngurumo, na ukikanyaga klachi unapotea: anza kuzishuku beringi. Gia ya tatu inaruka yenyewe ukiachia mafuta: angalia meno yaliyolika. Gia ya pili inakwaruza kila ukiiingiza: pete za shaba zimechoka. Halafu unamwaga oili kwenye beseni jeupe na kuitazama juani. Ikimetameta njano, hiyo ni shaba ya pete. Ukiona vipande vya chuma, shusha boksi, hakuna mjadala. Yote hayo gari linakwambia lenyewe, bure, na wewe umechukua unga wa mbao kuuchanganya na oili, kelele zisisikike, ukalifunga mdomo.

Sasa sikiliza jambo ambalo mama yako hajakwambia.

Kabla hujazaliwa, baba yako, kaka yangu, alikuwa analima tumbaku upande wa Urambo, ndani huko, karibu na njia waliyopita wapagazi wa zamani kwenda Ujiji. Alinunua mkonga kwa fundi mmoja wa hapa mjini. Jina lake silitamki, lisije likanichafulia mdomo. Gari lilikuwa kimya, gia zinaingia laini, na kaka akalipeleka moja kwa moja shambani huku anaimba. Mama yako alipokaribia kujifungua nilikwenda kumsaidia. Uchungu ukamshika katikati ya masika, mkunga wa kijiji akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali upesi. Dereva alikuwa mimi. Tukamlaza nyuma juu ya godoro, kaka amemshika mkono.

Tulipokuwa tunapanda kutoka mbugani, kwenye tope, nikasikia harufu ya mbao zinazoungua. Kaka akasema, "Nani anachoma mkaa na mvua hii?" Kabla sijajibu, gari likakaza. Gia haitoki wala haiingii, magurudumu hayaendi mbele wala nyuma. Mama yako alikuwa analia, mimi naupigapiga usukani kama mwendawazimu.

Wanaume wa kijiji cha jirani walileta kitanda cha kamba. Wakambeba mama yako mabegani, wakipokezana, katika njia ileile ambayo babu zao walibebea mizigo ya watu, mpaka barabara kuu tulikopata lori. Hospitali tulifika. Mtoto alitoka hapumui. Alikuwa wa kiume, mzima viungo vyote, ana nywele nyingi. Daktari alisema tungewahi kidogo tu angeishi. Ninapokuandikia hivi hasira ile bado ninayo, na sioni aibu.

Mkonga ulivutwa kwa trekta hadi Isevya. Mimi nikachukua spana ya magurudumu kumfuata aliyetuuzia. Fundi Ramadhani akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi na spana yangu?"

"Kwa aliyemuua mtoto wetu."

"Utamvunja kichwa, utalala rumande, na boksi itabaki haijafunguliwa. Hasira kaa nayo, sikunyang'anyi. Ila hiyo spana ina kazi hapa. Lete beseni!"

Alinikaripia kama mtoto mdogo, na nilimchukia siku ile. Tukafungua. Ndani kulikuwa na uji mweusi wa unga wa mninga ulioungua, umeziba njia zote za oili. Beringi zilikaa kavu mpaka zikagandia kwenye shafti. Nilisugua kila gia kwa dizeli na mswaki, nalia, naye hakuniambia ninyamaze. Tukaweka beringi mpya, pete mpya na sili mpya. Gia ya tatu tuliichomoa kwenye boksi nyingine iliyokufa, lakini meno yake yalikuwa mazima. Kila tulipoweka kipande alinitaka nizungushe shafti kwa mkono, na ikigoma kidogo tunavua tena. Tulipomaliza na kuwasha, boksi ikawa bado inavuma kwa mbali. Nikataka tuifungue upya. Fundi akasema, "Acha. Chuma kikuukuu hiki, hiyo ndiyo sauti yake. Mwenye gari aisikie."

Yule fundi aliyetuuzia gari alikuja msibani. Alikaa jamvini, akala wali wetu, akasema ni mapenzi ya Mungu.

Najua utetezi wako. Utasema mteja ndiye aliyetaka kelele ziishe, ana haraka, na mafundi wengine wanafanya hivyohivyo. Nasema hapana! Mteja akitaka kelele ziishe, mwambie kinachopiga kelele ni nini na kitamfikisha wapi. Akikataa kutengeneza, mrudishie gari lake likipiga kelele vilevile, ili dereva ajue asiende nalo mbali. Usimfiche mtu ubovu wa kitu atakachopandisha watu wake. Usiyemjua ndiye atakayekaa nyuma ya gari hilo, juu ya godoro, na wewe utakuwa umelala kwako. Ukikosea kazi, sema umekosea, nitakaa chini nawe tufungue. Ukidanganya, usinitafute kabisa.

Ufunguo wa mkonga uliousaka gereji nzima jana jioni ninao mimi, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Kesho asubuhi nakuja na beseni jeupe. Nikute boksi iko chini, na ndoo ile umeirudisha kwa maseremala kwa mkono wako, mchana kweupe, watu wakuone.

Mungu akupe masikio ya Fundi Ramadhani, mwanangu, akuondolee mkono wa yule nisiyemtamka. Akujalie riziki unayoweza kumweleza mama yako ilivyopatikana. Na ulitunze jina lako, kwa sababu si wewe uliyepewa kwanza. Baba yako alimpa yule mtoto pale hospitali kabla hatujamzika, na ulipozaliwa wewe hakutaka kusikia jina lingine.