Mshono wa Kwanza si wa Surma

Fimbo inapanda, fimbo inashuka. Ni saa mbili asubuhi, na uani kwa Surma Khoshaba sufu ya kondoo inapigwa mpaka ivimbe.

Adhuhuri wanawake wa kijiji hiki cha bonde la Nahla watakuja kuimba na kushona mfarishi, blanketi nene la harusi ya Ramina. Ramina ni binti wa marehemu kaka yake Surma, na Surma ndiye aliyemlea tangu ana miaka miwili.

Kila mgeni atapiga sindano yake. Lakini mshono wa kwanza, wenye baraka, hupigwa na mwanamke mwenye mume hai na watoto. Surma ana miaka hamsini na sita na hakuwahi kuolewa.

"Miaka ishirini na saba nafua sufu, napiga sufu, natandika sufu," anasema, mikono haitulii. "Halafu Nimo huyo, ananukia marashi, anachomeka sindano mara moja tu, anapigiwa vigelegele!"

Nimo ni jirani, mama wa watoto saba. Mumewe humsifia mbele za watu.

"Hilo ndilo linaloniua," anasema Surma. "Kijicho ninacho, sifichi. Andika hivyo gazetini kwenu."

Mfarishi mmoja humpa dinari laki moja na nusu, na msimu mzuri hushona kumi na miwili. Ndivyo alivyomsomesha Ramina ualimu. Juzi Ramina aliomba shangazi yake ndiye aanze leo. Wakwe wakakataa katakata.

Adhuhuri ua umejaa. Nimo anaingia kwa madaha.

"Dada Surma, hebu nitungie uzi. Macho yangu haya, we acha tu."

"Ya kuona sahani ya dolma yapo, Mama Sargon!"

Wanawake wanaangua kicheko. Nimo naye anacheka, hana kinyongo hata kidogo, na Surma roho inazidi kumuuma. Uzi anautunga hivyo hivyo. Nimo anapiga mshono, unakwenda upande kama mlevi. Vigelegele!

Alasiri wageni wameondoka. Surma amebaki na mfarishi na mkasi, na sasa anatoboa siri.

"Kila mara wakishatoka, naufumua mshono wa Nimo, napiga wangu. Maharusi wote wa bonde hili wamejifunika mshono wangu mimi!" Anacheka mpaka anafuta machozi. "Andika tu. Nimo hasomi magazeti."

Na ndoa zao je?

"Nyingine tamu, nyingine vita. Kama za watu wote. Uzi ni uzi, bwana."

Anapenyeza ncha ya mkasi chini ya mshono. Hakati.

"Huyu Ramina, mama yake alikufa akimzaa," anasema polepole. "Baba naye akafuata. Sasa kama hizo baraka zipo kweli? Kwa watoto wa watu nilibahatisha. Kwa huyu siwezi."

Anauweka mkasi chini. Mshono umebaki umepinda vile vile, na uso wa Surma umekunjamana kwa hasira.

"Mungu amjalie mtoto upesi," anasema. "Hapo Ramina ndiye atakayeitwa kuanza mishono ya wenzake, kila nyumba. Nimo akae pembeni atazame, aone inavyouma."