Askofu Haukenes na Ubao wa Nyimbo

Askofu Sjur Haukenes alikuwa mtoto wa fundi viatu, na hakuna aliyempenda kwa upole wake, maana hakuwa nao. Wajerumani walipoiteka Norwe na vibaraka wao wakataka kuliendesha kanisa, alivua msalaba wa uaskofu akawabwagia mezani. Wakamfungia nyumbani. Walimruhusu kutoka Jumapili tu, ahubiri katika kanisa dogo la kijijini, polisi wawili wakimkodolea macho.

Kinywa walikilinda, lakini ubao wa nyimbo, ule wa ukutani wenye namba za nyimbo za ibada, wakausahau. Tarakimu ya mwisho ya wimbo wa kwanza ilimwambia Ragna, mama mkulima aliyevusha wakimbizi kwenda Uswidi, siku ya kuondoka: moja Jumatatu, mbili Jumanne. Hakuna mwingine aliyejua. Hata Gunvald, mtumishi wa kanisa aliyemvalisha joho miaka thelathini, hakuambiwa. Gunvald ana domo, alisema askofu, na akaona hilo linatosha.

Kwaresima ile Levin, fundi saa Myahudi, na binti zake wawili walikuwa wamejificha ghalani kwa Ragna. Askofu akapenyezewa habari kwamba Jumatano mashamba yatapekuliwa. Akaweka 92 ubaoni, yaani Jumanne.

Alipopanda mimbarini, ubao ulisema 154.

"Gunvald, wimbo si huo."

"Baba Askofu, ule wako 92 ni wa Krismasi! Hii Kwaresima. Yesu azaliwe tena na msalaba umeshachongwa?"

Kanisa zima likacheka. Polisi mmoja akainua kichwa, akautazama ubao. Askofu angeweza kung'ang'ania, ubishi wake nani asiyeujua? Lakini aliogopa. Mtu mzima yule, mkali kwa kila mtu, aliogopa, akaanza kuimba 154. Ragna naye akaimba, huku akihesabu Alhamisi.

Ijumaa Gunvald alimletea mkate, uso umemsawajika.

"Wamewachukua wote juzi, na Ragna pia. Yule binti mdogo wamemburuta kwa nywele."

"Ni ile namba yako," askofu akasema, akamweleza yote bila huruma hata kidogo.

Gunvald akauweka mkate mezani. "Nilidhani uzee umekuingia. Nilikuwa nakuepusha na aibu."

"Umewaua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikukuamini."

"Miaka thelathini nakufunga vifungo, Baba." Akamtazama usoni. "Haya, mimi sikujua. Wewe ulikuwa pale juu, ulijua, ukaimba."

Gunvald akauchukua mkate wake mezani, akaondoka nao.