Kitanda Alichonyimwa Mwalimu Breki

Katika shule ya udereva alikofundisha, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, maana neno hilo lilimtoka mara nyingi kuliko salamu. Alikuwa mama mwenye sauti ya kufukuza kunguru na mwili uliojaza kiti cha abiria hadi ukingoni. Mguu wake mmoja ulikaa tayari juu ya breki ya ziada, ile ya mwalimu. Kila mwaka kiti kilisogezwa nyuma kidogo ili kumpa nafasi, mpaka kikagota, na mguu nao ukaanza kuifikia breki kwa taabu. Siku mwanafunzi alipokwangua lango la shule kwa sababu mguu wa mwalimu umechelewa, Mwalimu Breki alishuka, akaitazama rangi iliyobanduka, akasema, "Basi. Imetosha."

Kujinyima alishajinyima. Kutembea alishatembea mpaka magoti yakagoma. Kilo zilikuwa zikiondoka, halafu zinarudi na ndugu zao. Akapiga moyo konde, akaenda hospitali kutafuta upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula.

Nesi wa kliniki alimwambia kwamba baada ya upasuaji angelala wodini usiku mmoja. Tangu hapo, ukimwona anatabasamu peke yake garini, ujue anauwaza usiku huo. Nyumbani kwake waliishi yeye, mumewe fundi wa kuchomelea vyuma, mama mkwe, na wifi yake na watoto. Hajawahi kuugua humo ndani bila mtu kusukuma mlango kuuliza chumvi iko wapi. Mama mkwe alikuwa mtu mwema, lakini kwake yeye upendo ulipimwa kwa mwiko. Ndiyo maana Mwalimu Breki alimwambia tu kwamba anakwenda kutibiwa tumbo, akanyamaza hapo.

Asubuhi ya upasuaji, akiwa tayari amevaa gauni la hospitali lililoachama mgongoni, daktari akaja anachekacheka.

"Habari njema, mama. Unarudi nyumbani leo leo."

"Leo? Nimeambiwa nalala."

"Tulikuwa tunalaza wote. Siku hizi wale wazima wanarudi jioni. Wewe huna sukari, huna presha, unaishi karibu, na mume yupo. Ukiamka, ukatembea, ukanywa maji kidogo kidogo yakakaa, tunakuruhusu. Utapona vizuri zaidi kitandani kwako."

"Kama mimi ni mzima, daktari, mbona mnanipasua?"

Daktari alicheka, akampigapiga begani, akapita kwa mgonjwa mwingine. Mwalimu Breki hakuwa ametania.

Upasuaji ulikwenda salama. Jioni alitembea koridoni akimwegemea mumewe, akanywa maji kwa vijifunda, yakakaa. Nesi wa zamu akawaeleza: vitu vya majimaji tu, kidogo kidogo, asikae bila kunywa, na akizidiwa wapige simu. Mwalimu Breki alijaribu mara ya mwisho.

"Sista, nyumbani kwangu hakuna kupumzika. Niache hapa hata kwenye benchi."

"Mama, vitanda ni vya wagonjwa."

Sentensi hiyo ilimchoma kuliko vidonda.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa kibarazani anawasubiri. Alipomwona anavyoshuka kwenye gari amejikunja, alishika kichwa. "Hospitali gani hii inayomfukuza mtu aliyepasuliwa? Na wamemwacha na njaa!" Mpaka mgonjwa anafikishwa kitandani, bakuli la uji mzito lilikuwa limeshafika.

"Mama, nimekatazwa. Maji tu."

"Mgonjwa haulizwi uji, mwanangu."

Mumewe alisema, "Mama, daktari kakataza," kwa ile sauti yake isiyoweza kumtoa hata kuku jikoni. Akaenda kuegesha gari. Mwalimu Breki, kwa uchovu na kwa aibu ya kumrudisha mkwewe mikono mitupu, alimeza vijiko kadhaa. Vilishuka kama kokoto. Kisha vikapanda vyote, na kila tumbo lilipojikamua alihisi mishono inavutwa kwa koleo. Tangu hapo hata maji hayakukaa. Mume alipiga ile namba ya simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Safari hii ilipokelewa na mtu wa mapokezi, akamwambia apige kliniki. Kliniki ilikuwa imefungwa.

Kulipokucha midomo imemkauka na chumba kinamzunguka. Wakarudi hospitali kwa gari la shule, lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa. Daktari wa dharura alimkagua, akasema mishono ni mizima, ila mwili umekaukiwa maji. "Huyu alazwe."

"Nililiomba jana hilo," alisema Mwalimu Breki, na machozi yakamtoka kwa hasira.

Alitundikiwa dripu wodini. Kwenye kitanda cha pili alilala mama mmoja muuza vitambaa, naye amepunguzwa tumbo siku ileile. Huyo alilazwa kwa sababu ya sukari na kukoroma kunakomkata pumzi usingizini, na sasa alikuwa amenuna.

"Dada, mimi ni mzima kabisa," alilalamika. "Nina mwanamke mwenzangu nyumbani, mama yangu mzazi, anajua kunihudumia bila maneno. Wamenifunga hapa kama mbuzi. Na wewe?"

"Mimi nilifukuzwa."

Walitazamana, wakaangua kicheko, kisha wote wawili wakashika matumbo wakiguna kwa maumivu. Mwalimu Breki ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Hawa watu walipima damu yangu, aliwaza, wakapima moyo na mapafu. Mbona hakuna aliyeuliza nani anapika kwetu?

Siku ya kurudi kliniki aliondoka nyumbani na maneno yake ameyapanga. Alikwishapungua, na magoti yalianza kumtii. Lakini yule daktari aliyemrudisha nyumbani hakuwapo. Alikuwa amehamishiwa kwingine. Daktari mgeni alitazama makovu, akafurahi.

"Safi sana, mama. Wewe ni mfano. Upasuaji, na jioni uko nyumbani!"

"Nilirudi kesho yake, daktari. Nikalazwa."

"Ah, hiyo hutokea kwa wachache," alisema, na macho yake yalikuwa yameshahamia mlangoni. "Mwingine aingie!"

Akatoka. Mumewe alikuwa akimsubiri garini, na humo maneno yote yalimfumuka: vitanda ni vya wagonjwa, simu inayoita bure, uji, na wewe mume wangu uliyekwenda kuegesha gari wakati mimi nakuhitaji. Mumewe alikuwa ameshika ufunguo. Hakuuzungusha. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ni kweli. Ningebaki pale chumbani."

Mwalimu Breki akageukia dirishani. Hasira haikuwa imekwisha, lakini angalau mtu mmoja alikuwa ameisikia.