Tulipoziba Upepo wa Mlango

Juzi nilipanda taxi kwenda Lubudi. Mbele alikaa baba wa mchumba wa dereva, na kioo cha mlango kilipiga filimbi kwa upepo tangu Kolwezi.

"Petit, mdogo wangu, kwa kelele hii tata mukwe hatasikia sifa zangu," dereva akaninong'oneza.

Shule niliiacha mapema, lakini upepo hauniwezi. Tuliposimama kwa fundi wa pikipiki, nikakata mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, nikaubandika kuzunguka fremu nzima ya kioo. Tukaondoka kimya kabisa!

Mzee akakohoa. "Sasa tunasikilizana. Unasaliaka kanisa gani?"

Dereva akajibu vizuri.

"Na bale batu banakuonaka ku bar, banadanganya?"

Dereva akakanyaga mafuta.

"Na ule mwanamuke wa Dilolo?"

Dereva akateremsha kioo chote, upepo urudi.

Watengeneza magari wa ng'ambo wanajichosha kuziba upepo. Bila shaka hawajawahi kubeba wakwe.