Risaga ya Gesima: mjane, shamba la chai na tasnifu yangu

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Haya niliyashuhudia mwenyewe. Nimebadilisha majina tu.

Kwanza, hali ilivyokuwa. Nilikuwa nasomea uzamili wa haki za binadamu na haki za kijamii, nikitafiti urithi wa ardhi kwa wajane. Kwetu ni Keumbu, ila utafiti ulinipeleka Gesima, Nyamira.

Huko nilimfahamu Mama Moraa, mjane. Shemeji yake, Baba Ombati, alidai kwamba kwa mila shamba la chai la marehemu ni lake, akawatisha vibarua wasilikanyage. Majani yalikuwa yanakomaa na kuharibika. Familia ile haikuwa na tegemeo jingine.

Nilimshauri twende kwa mawakili wa msaada wa kisheria.

"Tutaenda, mwalimu," akasema. "Lakini kwanza nimeita risaga."

Kwa wasioijua: risaga ni kazi ya pamoja ya majirani. Mwenye shamba ndiye huita, naye ndiye huwapikia. Hivyo kila anayeitikia amekiri, bila kiapo chochote, shamba ni la nani.

Asubuhi ya risaga, ukungu haujaondoka, wanawake wakaanza kupanda kilima, vikapu mgongoni. Nikadhani wamekwisha, wakazidi kuja. Miongoni mwao alikuwemo mke wa Baba Ombati!

Mumewe akafika akihema. "Nani amewaruhusu humu?"

"Mwenye shamba," mkewe akajibu, mikono ikiendelea kuchuma. "Alikuja kupalilia mahindi yetu. Leo nikae nyumbani nikutazame wewe?"

Kicheko kikaenea mstari mzima.

Mama Moraa akamnyooshea kikapu. "Shemeji, kama umekuja risaga, karibu. Kama umekuja na kelele, ugali wa wimbi ni wa waliochuma."

Baba Ombati akageuka, akaondoka.

Wakuu, mikataba ya kimataifa nimeisoma na ninaiheshimu. Ila sijapata kuiona haki ikiwa na miguu, ikitembea kati ya michai namna ile. Nilisahau kabisa kwamba nilikwenda kuandika.

Nilijifunza hili: mila iliyotajwa kumnyima mjane ilikuwa pia na mlango wa kumlinda, na wanawake wale waliujua ulipo. Je, kwenu mlango huo upo? Nielezeni, hata wenye kunipinga.

Baadaye tulikwenda kwa chifu pamoja na wakili; mke wa Baba Ombati naye alikuwepo. Baba Ombati akaulizwa shamba ni la nani. Alimtazama mkewe, kisha akasema ni la Mama Moraa.